Intaneti kupitia televisheni: asiyejua kompyuta hupata nini?

Katika wilaya ya Bawshar, mjini Muscat, wapo wazee wazungumzao Kiswahili ambao familia zao zilitoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964. Baadhi yao hawajawahi kugusa kompyuta, lakini rimoti ya televisheni wanaijua vyema.

Wazo la kuwafikisha watu wa aina hiyo kwenye intaneti si geni. Mwaka 1996 kampuni ya Marekani, WebTV, ilitoa kisanduku kilichounganisha televisheni na laini ya simu, mtu akaweza kusoma kurasa na kutuma barua pepe bila kompyuta. Microsoft iliinunua kampuni hiyo mwaka 1997. Huduma yenyewe ilifungwa mwaka 2013.

Leo televisheni nyingi huuzwa zikiwa na uwezo wa intaneti ndani yake. Mzee hufungua YouTube kwa rimoti akasikiliza taarabu ya Unguja. Kuandika ndiko kugumu: kila herufi hutafutwa peke yake, na waliomo sebuleni huona yote. Kwa hiyo neno la siri la benki lisiandikwe hapo.

Televisheni, basi, humwezesha mzee kuona na kusikia. Akitaka kumjibu ndugu aliyeko Zanzibar, bado hana budi kumwita mjukuu.