BOTI KUBWA AU NDOGO? KWANZA DAFTARI



Katika darasa moja la kisomo hapa Chiungutwa palizuka ubishi. Kikundi cha watu sita kilikuwa kimepata fedha za korosho. Walitaka kununua boti ya alumini, wavue samaki katika Mto Ruvuma, wawakaushe na kuwauza minadani. Watatu walisema, "Tununue kubwa. Kubwa ndiyo mali." Watatu wakajibu, "Tununue ndogo. Fedha zitakazobaki tununulie nyavu." Wakawa sawasawa, watatu kwa watatu. Hakuna aliyeshinda.

Ubishi huo si wa mchezo. Fedha za korosho huja kwa msimu. Zikipotea, mwaka mzima utazitafuta: salfa ya mikorosho, bati za nyumba, sare za watoto. Tena boti isiyofaa inaweza kupoteza roho za watu. Basi leo tueleze jambo hili polepole, hatua kwa hatua.

Alumini ni nini?

Alumini ni kitu unachokijua. Tazama jikoni kwako. Sufuria nyingi tunazopikia ni za alumini. Ni nyepesi. Ukichukua kipande cha alumini na kipande cha chuma vyenye ukubwa mmoja, cha alumini kina uzito wa kama theluthi moja tu ya kile cha chuma. Alumini haishiki kutu kama chuma, wala hailiwi na mchwa kama mbao.

Lakini sufuria ikianguka hubonyea. Boti ya alumini nayo ikigonga jiwe hubonyea, pengine hupasuka. Hapo kuna taabu. Mtumbwi wa mbao fundi wa kijijini anaweza kuuziba. Alumini huchomelewa kwa mashine na ujuzi wake maalumu. Fundi anayechomelea madirisha ya chuma huenda asiiweze. Na katika maji ya chumvi, alumini ikigusana na shaba huliwa upesi. Kwa hiyo kabla ya kununua uliza: fundi yuko wapi?

Huko Marekani na Kanada boti ndogo za alumini hutumika sana katika mito na maziwa. Kwetu si nyingi. Pwani ya Mtwara na Lindi utaona zaidi ngalawa na mashua za mbao, na siku hizi boti za fibagilasi. Hata hivyo, swali la kubwa au ndogo ni lile lile kwa kila chombo.

Kwa nini boti inaelea?

Hebu fanya jaribio. Tia maji katika karai. Weka sufuria tupu juu ya maji. Inaelea. Tia jiwe moja ndani yake. Sufuria imeshuka kidogo. Ongeza mawe. Inazidi kushuka, mpaka maji yanaingia kwa juu na sufuria inazama.

Boti ni hivyo hivyo. Chombo kinasukuma maji pembeni. Maji yaliyosukumwa yana uzito sawa na chombo pamoja na mzigo wake. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tuseme boti ina sakafu bapa, urefu mita 4 na upana mita 1. Kila ukiongeza kilo 40, itashuka kama sentimeta moja. Boti ya urefu wa mita 7 na upana wa mita 2 itahitaji kilo 140 ili ishuke sentimeta hiyo moja. Ndiyo maana boti kubwa hubeba zaidi. Lakini zote mbili zina mwisho wake. Ubavu ukibaki kidogo juu ya maji, wimbi dogo tu linatosha kuwazamisha.

Uzuri na ubaya wa boti ndogo

Boti ya mita 3 au 4 ni nyepesi. Nyingi zina uzito usiofika kilo 100. Watu wanne wanaweza kuibeba kutoka ukingoni mpaka mahali pa usalama. Huenda kwa kasia au kwa pondo, bila petroli. Hupita penye maji haba. Watu wawili wanatosha kuiendesha.

Ubaya wake ni kwamba hupinduka upesi. Mtu akisimama ghafla kutupa kimia, boti hulala ubavu. Haibebi nyavu nyingi wala samaki wengi. Wimbi likiwa kubwa, haifai kabisa.

Uzuri na ubaya wa boti kubwa

Boti ya mita 6 au 7 hutulia zaidi majini. Hubeba watu, nyavu, barafu na samaki. Huweza kwenda mbali.

Lakini uzito wake ni mamia ya kilo. Huwezi kuibeba begani. Inataka injini, na injini inataka petroli, oili na fundi. Inataka mlinzi usiku. Inataka watu wengi, na kila mmoja anataka fungu lake. Boti kubwa hula kila siku, samaki wapatikane wasipatikane.

Maji yako ni yapi?

Hapa ndipo penye shina la maneno. Boti huchaguliwa kwa kutazama maji, siyo kwa kutazama fedha iliyo mfukoni.

Ruvuma ya masika si Ruvuma ya kiangazi. Mvua zikinyesha, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, mto hujaa na kwenda kwa nguvu. Kiangazi maji hupungua na mafungu ya mchanga hutokeza. Boti kubwa yenye injini itakwama mchangani, na panga la injini litavunjika. Tena mto huo una mamba na viboko. Kiboko anaweza kupindua chombo. Mahali penye viboko msipite, hata boti yenu iwe kubwa.

Baharini, huko Mikindani au Msimbati, mambo ni mengine. Nje ya miamba mawimbi ni makubwa. Boti ndogo ya mtoni ukiipeleka huko umejitafutia kifo. Huko kinafaa chombo kikubwa na watu wanaoijua bahari.

Tupige hesabu

Chukua kalamu. Bei hizi ni za mfano tu. Wewe utaweka za kwako. Tuseme kilo moja ya samaki ni shilingi 5,000.

Boti kubwa, watu watano, safari moja:
Petroli lita 15 kwa shilingi 3,000: 45,000
Barafu: 10,000
Chakula: 15,000
Jumla: shilingi 70,000

Boti ndogo, watu wawili, safari moja:
Chakula: 5,000
Chambo: 5,000
Jumla: shilingi 10,000

Sasa gawanya kwa 5,000. Boti kubwa lazima ipate kilo 14 ndipo irudishe gharama. Boti ndogo inarudisha kwa kilo 2 tu.

Siku samaki ni haba, kila boti ikapata kilo 10, mauzo ni shilingi 50,000. Boti ndogo inabakiwa na 40,000, yaani 20,000 kwa kila mtu. Boti kubwa imepata hasara ya 20,000.

Siku samaki ni wengi, boti kubwa ikapata kilo 60, mauzo ni shilingi 300,000. Ukitoa gharama zinabaki 230,000, yaani 46,000 kwa kila mtu. Siku hiyo boti kubwa imeshinda.

Umeona? Jibu linategemea siku za samaki wengi ni ngapi na siku za haba ni ngapi. Na kabla ya kugawana, toeni fungu la chombo. Fungu hilo ni la matengenezo. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Usalama ni kwanza

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Viktoria. Kilitengenezwa kubeba watu wapatao 100. Siku ile kilikuwa na zaidi ya 200. Watu zaidi ya 200 walikufa, tena karibu kabisa na nchi kavu. Kivuko kile kilikuwa kikubwa kuliko boti hizi tunazozizungumzia. Ukubwa haukuwaokoa.

Kwa hiyo, kila mtu avae jaketi la kujiokolea. Pawe na ndoo ya kutolea maji na kasia la akiba. Msijaze kupita kiasi. Mwoneni Afisa Uvuvi wa wilaya kwa usajili, leseni na nyavu zinazoruhusiwa. Kumbukeni pia kwamba Ruvuma ni mpaka wetu na Msumbiji. Ng'ambo kuna sheria za wenyewe.

Basi kikundi kile kifanye nini?

Ushauri wangu ni huu. Wasinunue sasa. Wakodi mtumbwi kwa msimu mmoja, wavue pamoja na watu wanaoujua mto. Kila jioni mmoja wao aandike katika daftari: tarehe, kilo walizopata, bei waliyouzia, gharama, na hali ya maji. Kusoma na kuandika tulijifunza kwa kazi kama hii.

Msimu ukiisha, wafungue daftari. Kama siku nyingi ni za kilo 10, wanunue ndogo. Ikiwezekana wanunue mbili, moja ikiharibika nyingine ifanye kazi. Kama samaki walikuwa wengi mpaka mtumbwi ukashindwa kubeba, na maji ni ya kutosha, ndipo wafikirie kubwa. Hata mkopo wa boti ukija, daftari liulizwe kwanza, maana mkopo ni deni na deni hulipwa.

Daftari halina upande. Litamaliza ubishi wa watatu kwa watatu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kwa nini boti kubwa inaweza kuleta hasara siku samaki wakiwa haba?
2. Mnakotaka kuvua, maji hupungua miezi gani?
3. Pigeni hesabu ya safari moja kwa bei za kwenu. Mtahitaji kilo ngapi kurudisha gharama?
4. Nani kati yenu ataandika daftari, na nani atalikagua?