Kabla hujatuma Swish: michango ya "borelia sugu"

Kama unaishi Rinkeby na unafanya usafi kwenye nyumba za kiangazi za visiwani, au unajenga huko, kupe unawajua. Wapo hata kwenye majani ya Järvafältet, hapo nyuma ya maghorofa yetu. Baadhi wamebeba borelia. Likitokea doa jekundu linalotanuka, daktari huandika penisilini ya siku 10, na wengi hupona.

Shida ni wale wasiopona. Mwili unauma miezi, kichwa kizito, vipimo havionyeshi kitu. Kliniki binafsi inamwambia ana "borelia sugu", anahitaji dripu za antibiotiki kwa miezi. Madaktari wengi hawakubali kwamba bakteria bado wapo. Ndipo linki ya mchango inapofika kwenye grupu lako la WhatsApp.

Hadithi zenyewe zinafanana sana. Nilikuwa mzima, nafanya kazi mbili. Madaktari hawakunisikiliza. Mmoja tu ndiye aliyeniamini. Bei ni hii. Mimi sidhani wanadanganya. Maumivu ni ya kweli, na sisi tunaorudishwa nyumbani na Alvedon tunajua kutosikilizwa kukoje. Ila daktari kukuamini ni jambo moja, dawa yake kufanya kazi ni jingine.

Uholanzi walilipima hilo kwa wagonjwa 280, matokeo yakatoka 2016. Wote walipata dripu wiki 2, halafu wengine wakaongezwa wiki 12 za antibiotiki na wengine vidonge visivyo na dawa. Walioongezwa hawakupata nafuu kuliko wenzao. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu ya michango 1,059 ya mtandaoni kwa matibabu yasiyothibitishwa, haya yakiwemo: karibu dola milioni 6.8 zilikuwa zimeshakusanywa. Na bei ya kliniki haina nauli wala malazi ndani yake. Kikombe cha Babu wa Loliondo, 2011, kilikuwa shilingi 500 tu; kufika Samunge ndiko kulikomaliza hela.

Sasa krona 300 zako? Hela ya nyumbani itoke kwanza. Kinachobaki, mpe mgonjwa, sio kliniki. Muulize kama kodi ya mwezi huu imelipwa. Mwenye mkataba, mwajiri humkata kama siku moja mwanzoni, kisha humlipa asilimia 80 hadi siku ya 14. Anayelipwa mkononi hapati kitu, na hapo ndipo pengo lilipo. Ada za kuonana na daktari wa umma kwa mwenye makaratasi hazivuki krona 1,500 kwa miezi 12. Asiye na makaratasi ana haki, tangu sheria ya Julai 2013, ya matibabu yasiyoweza kusubiri.

Jina linalotokea kwenye Swish lisipokuwa la mgonjwa wala la ndugu yake unayemjua, mpigie simu kwanza.

Na kama una asubuhi moja ya mapumziko, msindikize kituo cha afya. Siku ya kupanga miadi aombe mkalimani, na aandike kwenye karatasi tarehe aliyoumwa na kupe na lini dalili zilianza.