NJAA KUU YA AYALANDI NA FUNZO LAKE KWETU

Wahenga walinena kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Methali hii tunaiandika sana katika insha, lakini leo nataka kukueleza habari za taifa moja lililoikataa. Taifa hilo ni Ayalandi, kisiwa kilichoko magharibi ya Uingereza. Waayalandi wa leo wana shibe, tena ni miongoni mwa matajiri wa Ulaya. Hata hivyo, hawajasahau kuwa mababu zao walikufa njaa.

Bila shaka unavijua viazi mviringo, vile tunavyokaangia chipsi. Hapa kwetu, kwa Kiingereza huitwa kwa jina la Ayalandi, ingawa asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Maskini wa Ayalandi walivitegemea viazi hivyo kwa kila kitu: asubuhi viazi, jioni viazi. Mwaka 1845 ukaja ugonjwa uletwao na kiini kiitwacho Phytophthora infestans. Majani yalikuwa meusi, na viazi vikaoza ardhini na hata ghalani. Ugonjwa huo ungalipo duniani, na wakulima wa viazi hapa Kenya wanaupigia dawa hadi leo.

Njaa iliendelea hadi mwaka 1852. Watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na kwa maradhi yaliyoifuata, na wengine zaidi ya milioni moja wakapanda meli kwenda Marekani, Kanada na kwingineko. Nchi iliyokuwa na watu zaidi ya milioni 8 mwaka 1841 ilibaki na milioni 6 na nusu hivi mwaka 1851. Waayalandi wenyewe huiita An Gorta Mór, yaani Njaa Kuu.

Sasa sikiliza jambo la kushangaza. Wakati watu walipokuwa wakifa, nafaka, siagi na ng'ombe waliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza! Kumbe chakula kilikuwako. Mkulima alipanda nafaka ili alipe kodi ya shamba la bwana, na yeye akala viazi. Viazi vilipooza, hakuwa na pesa za kununua chochote, na serikali ya Uingereza iliyoitawala nchi hiyo ilitoa msaada haba.

Je, nani aliwakumbuka? Mwaka 1847 kabila la Wachoctaw, wenyeji asilia wa Marekani, walichanga dola 170 wakazituma Ayalandi. Watu hao walikuwa wamefukuzwa katika ardhi yao miaka kumi na mitano hivi iliyotangulia, na wengi wao wakafa njiani. Maskini alimchangia maskini. Deni hilo halikusahauliwa. Katika mji wa Midleton umejengwa mnara wa manyoya ya chuma wa kuwashukuru Wachoctaw, na mwaka 2020, korona ilipowapiga Wanavajo na Wahopi wa Marekani, Waayalandi wengi walituma michango wakisema wanalipa wema ule.

Kumbukumbu hii wameifanya kazi. Mwaka 1965 waliunda shirika la kupambana na njaa wakalipa jina Gorta, yaani Njaa. Mwaka 1968 likaanza shirika la Concern jijini Dublin, kwa ajili ya watu wa Biafra waliokuwa wakifa njaa. Mwaka 1973 maaskofu Wakatoliki wakaunda Trócaire, na kila Kwaresima familia hupewa kisanduku cha karatasi cha kutia sarafu. Tangu mwaka 1988 kundi la Afri limekuwa likiandaa matembezi ya kila mwaka huko Doolough, mahali ambapo watu wenye njaa walitembezwa mwaka 1849 kutafuta msaada, na wengine wakafia njiani. Wanaotembea huwakumbuka wafu hao pamoja na wenye njaa wa leo.

Mwaka 1992 Rais wao, Bi. Mary Robinson, alikwenda Somalia kuwaona waliokuwa wakifa njaa. Alipotoka huko alizungumza na waandishi wa habari hapa hapa Nairobi, na uchungu ukamshinda mbele ya kamera. Concern nao wamefanya kazi Turkana na Marsabit, ambako mvua ilikosa misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020. Shirika hilo lilikuwa miongoni mwa wa kwanza kujaribu kuwatibu watoto waliodhoofika wakiwa nyumbani kwao, kwa chakula laini cha njugu, maziwa, sukari na mafuta, badala ya kuwalaza wote hospitalini.

Pengine utauliza: haya yanatuhusu nini sisi wa Itumbe, penye mvua na migomba? Yanatuhusu sana! Mashamba yetu yanagawanywa kila kizazi. Penye chai, chai inakwenda kiwandani na mahindi tunanunua sokoni kwa gorogoro. Majani ya chai hayaliwi. Mwaka 2011 ugonjwa hatari wa mahindi ulionekana Bomet, jirani zetu, mimea ikakauka ingali shambani. Anayetegemea zao moja yuko pale pale alipokuwa Mwayalandi wa 1845. Wakamba waliipa njaa ya mwaka 1984 jina lenye maana ya "nafa huku nimeshika", yaani pesa iko mkononi lakini chakula hakipo. Nilipomwuliza nyanya yangu habari za mwaka huo, alitaja mahindi ya manjano kutoka ng'ambo na harufu yake, kisha akanyamaza.

Wanachama wenzangu, nina maombi mawili. Kwanza, kila mmoja wetu amwulize mzee mmoja wa kwao juu ya miaka ya njaa, aandike, na toleo lijalo lichapishe. Pili, sisi ni shule ya kutwa, na kila saa saba wapo wenzetu wanaobaki darasani wakijifanya wanasoma kwa sababu hawajalipa chakula cha mchana. Kila mwanachama alete kikombe kimoja cha mahindi au maharagwe kwa mwezi, tumkabidhi mpishi kwa ajili yao, bila kutaja jina la yeyote. Wachoctaw hawakungoja watajirike.