Anayetafiti Habari Aanzie Bungeni

Wanafunzi wengi wa uandishi wa habari hapa Dodoma, ikifika zamu ya tasnifu, hufunga safari ya Dar es Salaam. Wana sababu. Magazeti ya zamani yako Maktaba Kuu ya Taifa na katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na vyumba vikubwa vya habari viko hukohuko. Lakini anayetaka kujua habari inavyopikwa ana chanzo jirani kabisa: Hansard, yaani Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge. Iko kwenye tovuti ya Bunge. Gharama yake ni muda na bando.

Fungua kikao kimoja. Utakuta namba ya mkutano, tarehe, dua ya Spika, maswali ya asubuhi, kisha michango. Hata (Makofi) na (Kicheko) vimeandikwa ndani ya mabano. Sasa tafuta magazeti ya kesho yake. Nani amenukuliwa? Swali la kisima cha kijijini limeandikwa, au limemezwa na majibizano ya wabunge wawili? Kichwa cha habari kimebeba hoja, au kimebeba kijembe? Gazeti peke yake haliwezi kukuonyesha kilichoachwa. Kinaonekana ukiliweka kando ya kumbukumbu kamili.

Historia ya taaluma yenyewe imo humo. Tarehe 27 Januari 2016 Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, alilieleza Bunge kwamba Shirika la Utangazaji, TBC, lisingeendelea kurusha vikao vyote moja kwa moja, na ukumbi ukachafuka. Novemba mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Huduma za Habari, iliyoweka masharti ya ithibati kwa waandishi. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, ikaona baadhi ya vifungu vyake vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Mwaka 2023 sheria ikarudi bungeni kurekebishwa. Ukisoma mijadala ya 2016 na ya 2023 kwa pamoja, utaona ni hoja zipi zilizobadilika na zipi zilizobaki palepale.

Hansard nayo ina mipaka yake. Kiti, yaani anayeongoza kikao, kinaweza kuagiza maneno yafutwe kwenye kumbukumbu, na maandishi hayabebi sauti. Palipo na video, linganisha. Redio ni ngumu zaidi, maana kipindi kikisharushwa hakiachi karatasi. Anayetafiti stesheni za Dodoma arekodi mwenyewe kuanzia siku ya kwanza, akiandika saa na jina la kipindi.

Kwa takwimu, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, hutoa taarifa za sekta kila robo mwaka. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, yenye makao hapa Dodoma, ina matokeo ya Sensa ya 2022, iliyohesabu watu 61,741,120. Hotuba ya bajeti ya wizara inayosimamia habari nayo huorodhesha kila mwaka yaliyofanyika kwenye sekta. Ukikosa waraka, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwananchi njia ya kuuomba kwa maandishi, na ofisi husika inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Kwa hiyo peleka barua mapema, kabla msimamizi wako hajaanza kuuliza sura ya nne iko wapi.