Mweka Inakusubiri

Pete ilianza kunibana kidoleni tukiwa tunateremka kutoka Mweka. Ni pete ya ndoa, nimeivaa miaka kumi na moja, na siku zote huzunguka yenyewe nikinawa mikono. Asubuhi ile ya nusu marathoni yangu ya kwanza mjini Moshi iligoma kuzunguka. Vidole vimevimba, tumbo linacheza maji kila hatua, kichwa kinagonga. Nikajiambia nimeishiwa maji. Kwenye meza iliyofuata nikanywa tena, chupa nzima.

Nilikuwa nimekosea mara mbili siku hiyo: kwenye mwendo na kwenye maji. Nayaandika haya kwa sababu kila Februari, mwezi wa mbio hizi, inapokaribia nakutana na wageni wa mbio ndefu kwenye klabu za jogging, na nasikia wakipewa ushauri uleule niliopewa mimi. Toka na kasi ungali na nguvu. Kunywa kila unapoona maji.

Njia ya nusu marathoni ya Kilimanjaro inaanzia uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, inapita mjini, kisha inapanda kuelekea Mweka katikati ya migomba na mibuni, halafu unageuka na kurudi. Kutoka chini hadi juu ni kama mita 300 za kupanda. Shida ni kwamba mlima hauji mwanzoni. Mwanzoni kuna ubaridi wa asubuhi, watu wanashangilia, na miguu iliyopumzika siku mbili haioni kazi.

Nilikuwa nimejifua kumaliza kwa saa mbili na nusu, yaani dakika 7 na sekunde kama 6 kwa kila kilomita. Kilomita ya kwanza nilitumia dakika 6 na sekunde chache. Nikafurahi kwamba nimejiwekea akiba ya dakika nzima. Lakini mwili hauweki akiba kwa namna hiyo. Misuli inachoma mafuta na sukari kwa pamoja, na kadiri unavyoongeza kasi ndivyo inavyoegemea sukari, ambayo kiasi chake kwenye misuli na ini ni kidogo. Juu ya hapo, kasi inazalisha joto, na joto lile unapanda nalo mlimani jua likiwa limeshatoka. Ile dakika niliyodhani nimeiweka ilikuwa mkopo. Kabla ya kilomita ya kumi nilikuwa natembea, mikono kiunoni, na mama mmoja wa umri wa mama yangu akanipita kwa hatua fupifupi, pumzi imetulia, akaniambia, “Pole, mwanangu.”

Kosa hili limewagusa hata wakubwa. Mwaka 1982 kule Brisbane, kwenye marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Watanzania wawili, Juma Ikangaa na Gidamis Shahanga, walichomoka mapema na kuacha kundi mbali nyuma. Rob de Castella wa Australia hakuwafuata mara moja. Aliwafikia mwishoni, akashinda kwa saa 2:09:18, na Ikangaa akamaliza sekunde 12 nyuma yake. Sisemi Ikangaa alikosea kuwa jasiri; ujasiri huohuo ulimpa ushindi wa marathoni ya New York mwaka 1989. Lakini yeye alikuwa na mapafu ya Ikangaa. Mimi na wewe tuangalie zaidi marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha kule Tokyo, Septemba 2025, ambako Mtanzania Alphonce Simbu alikaa na wenzake hadi uwanjani, akampita Amanal Petros wa Ujerumani kwenye mstari kabisa. Wote wawili waliandikiwa 2:09:48, tofauti ikiwa sekunde 0.03. Na Eliud Kipchoge wa Kenya alipoweka rekodi ya dunia ya marathoni Berlin mwaka 2018, nusu ya kwanza ilimchukua dakika 61:06, ya pili 60:33.

Kwa anayeanza, kilomita tatu za kwanza ziwe za kujizuia. Nenda taratibu kuliko mwendo uliopanga, hata kwa nusu dakika kila kilomita, na waache wanaokupita wapite. Wengi wao utawakuta Mweka. Kama huna saa, tumia mdomo. Mwamkie mzee aliyesimama kando ya barabara, sikia marahaba yake, umuulize habari za nyumbani. Ukiimaliza salamu bila kukatika pumzi, uko sawa. Mlimani usipigane na saa: fupisha hatua, linda pumzi, na ukitaka kutembea tembea kwa kupanga, dakika moja moja, kabla hujalazimika.

Sasa maji, na hapa ndipo ninapoomba unisikilize zaidi, kwa sababu kasi mbaya inakuchosha tu, ila maji yakizidi yanaweza kuua.

Mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza marathoni ya Boston. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005 kwenye jarida la New England Journal of Medicine: asilimia 13 walikuwa na chumvi pungufu kwenye damu, na watatu kati yao walikuwa kwenye hatari kubwa. Wengi wao hawakuwa wa mbele. Walikuwa wale wa mwendo wa polepole, waliokaa barabarani zaidi ya saa nne na kunywa hadi wakamaliza mbio wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Maji yakizidi uwezo wa figo kuyatoa, chumvi ya damu inazimuliwa, maji yanaingia kwenye chembe za mwili, na ubongo unavimba ndani ya fuvu lisilo na nafasi. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, vidole vinavimba, mtu anachanganyikiwa. Wanaomsaidia wanadhani ana kiu, wanamwongezea maji.

Pale kwenye hema la huduma ya kwanza, muuguzi alitazama pete yangu kabla hajatazama uso wangu. Akauliza, “Umekunywa chupa ngapi?” Nilipoanza kuhesabu kwa vidole akaninyang'anya niliyoishika, akanipa kikombe cha supu yenye chumvi, akaniambia nikae hadi nipate haja ndogo. Hakunipima damu, kwa hiyo sidai jina la ugonjwa. Ila sijalisahau swali lake.

Kunywa ukisikia kiu, mafunda machache, basi. Kiu si adui anayekuja kwa kuchelewa kama tulivyofundishwa; kwa mkimbiaji wa kawaida ni kipimo kizuri. Ukitaka uhakika zaidi, panda mizani kabla ya mazoezi ya saa moja, upande tena baadaye ukiwa umejifuta jasho. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho, jumlisha ulichokunywa njiani. Watu hutofautiana sana: mmoja atatoa nusu lita kwa saa, mwingine lita moja na nusu kwenye joto lilelile la Dar es Salaam. Kupungua kidogo ni kawaida. Ukikuta umeongezeka, umekunywa kupita kiasi. Vinywaji vya michezo navyo ni maji kwa sehemu kubwa, havikukingi ukivizidisha. Na achana na vidonge vya maumivu kama ibuprofen na diclofenac kabla ya mbio, kwani vinazisumbua figo wakati zina kazi nyingi.

Chakula cha njiani kiwe ulichokizoea mazoezini. Mimi nabeba ndizi mbivu. Moja ina kama gramu 25 za wanga, na wataalamu hupendekeza gramu 30 hadi 60 kwa saa. Maji mengine jimwagie kichwani.

Mwaka uliofuata nilirudi. Kilomita ya tatu saa ilisoma dakika 7 na sekunde 35, na watu walinipita kwa mamia. Tulipoanza kupanda, babu mmoja mwenye fimbo alikuwa amesimama mbele ya migomba yake.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Mbona wenzako wamekuacha? Kaza mwendo!”

“Bado, babu,” nikamwambia. “Za nyumbani lakini?”