Ahadi ya Udogo: Wanunuzi wa Mbwa wa Kupakatwa na Wafugaji Wao

Katika miji ya Marekani na Uingereza umo ugomvi ambao haufiki katika magazeti makubwa, bali huanzia sebuleni mwa watu na mara nyingine hukomea mbele ya hakimu wa mahakama ya madai madogo: ugomvi wa mnunuzi aliyeahidiwa mbwa ambaye ukubwani hatapita ratili 4, akalipa maelfu ya dola kwa ajili ya ahadi hiyo, na mwaka ulipotimia akamweka mbwa wake juu ya mizani akaona ratili 9. Mbwa mwenyewe ni mzima wa afya; anakula, anacheza, anamfuata bwana wake chumba kwa chumba. Amekua tu. Lakini kwa kuwa bei ilipandishwa kwa sababu ya udogo peke yake, na udogo wenyewe haukutokea, mnunuzi hujiona ameghilibiwa, na mfugaji naye hujibu kwamba alitaja makadirio wala hakutoa dhamana, na baina ya kauli hizo mbili uhasama huingia.

Ili jambo hili lifahamike, yafaa kwanza tuwajue mbwa wenyewe, nao ni wale wa kupakatwa: Yorkshire Terrier mwenye singa ndefu, Chihuahua wa asili ya Mexico, Pomeranian aliyefura manyoya, na Maltese mweupe. Vyama vinavyotunza nasaba zao, yaani The Kennel Club ya Uingereza iliyoasisiwa mwaka 1873 na American Kennel Club iliyofuata mwaka 1884, vimeandika kwa kila mbegu sifa zake, na humo imesemwa kwamba Yorkshire Terrier asizidi ratili 7, nazo ni kilo 3 na ushei, na Chihuahua asizidi ratili 6. Hiyo ni kanuni ya uwanja wa mashindano, iliyowekwa kwa ajili ya waamuzi; haimzuii mtoto wa mabingwa wawili kufika ratili 10 nyumbani kwa bwana wake, naye akabaki mwenye nasaba safi. Ama yule "mbwa wa kikombe cha chai" anayetangazwa na wauzaji, aliyepigwa picha ndani ya kikombe ili udogo wake udhihirike, hayumo katika daftari la vyama hivyo. Jina hilo ni la biashara, na Chihuahua Club of America imewaonya wanunuzi ya kuwa majina ya namna hiyo hupotosha.

Udogo huu wa kupita kiasi ulitafutwa na watu, kizazi baada ya kizazi, na historia yake yatosha kumwonyesha mnunuzi jinsi damu isivyotabirika. Huddersfield Ben, dume aliyezaliwa Uingereza mwaka 1865 na anayehesabiwa kuwa baba wa mbegu ya Yorkshire Terrier, hakuwa mdogo hata kidogo: uzani wake ulikuwa kama ratili 11, na sifa yake kubwa ilikuwa kuzaa watoto walio wadogo kuliko yeye, wengine chini ya ratili 5. Pomeranian nao walikuwa mbwa wa kadiri, wakubwa kuliko hawa tuwaonao leo, mpaka Malkia Victoria aliporudi kutoka Florence mwaka 1888 na mbwa wake Marco wa ratili 12, watu wakapenda kumwiga malkia, na wafugaji wakashika kuwachagua wadogo wazaliane na wadogo. Basi ikiwa baba wa ratili 11 aliweza kuzaa mtoto wa ratili 5, kuna ajabu gani baba wa ratili 5 akizaa mtoto wa ratili 9?

Wataalamu wameichunguza siri hii. Mwaka 2007 kundi lao, akiwemo Elaine Ostrander wa taasisi za afya za serikali ya Marekani, lilieleza katika jarida la Science kwamba jeni iitwayo IGF1, inayohusika na ukuaji wa mwili, ina sura moja ambayo mbwa wadogo wanayo na mbwa wakubwa sana karibu wote hawana. Na mwaka 2022 ikabainika kwamba tofauti hiyo ni ya kale mno, kwa kuwa athari yake ilipatikana hata katika mabaki ya mbwa-mwitu wa Siberia aliyeishi miaka 54,000 iliyopita. Elimu hiyo ni tukufu, lakini haimsaidii mnunuzi wetu. Maadamu vilebu wa tumbo moja aghalabu wameirithi wote sura ile ile ya jeni hiyo, haiwezi kueleza kwa nini mmoja akome kwenye ratili 4 na nduguye afike 9. Ratili hizo chache hutokana na jeni nyingine nyingi, kila moja ikiongeza au ikipunguza kidogo, pamoja na chakula na maradhi ya utotoni.

Mfugaji basi hutabiri kwa kutumia nini? Kwa mizani na jedwali. Huwapima vilebu kila juma kwa mizani ya jikoni, akaandika wakia zao, kisha akatazama jedwali ambalo wafugaji wameachiana, lisemalo kwamba kilebu wa majuma 8 mwenye uzani huu atafika uzani ule. Au hutumia hesabu ya mkato, kama ile ya kuzidisha uzani wa majuma 8 mara tatu, au wa majuma 12 mara mbili. Mfugaji mzoefu, anayewajua mama na baba na mababu wa vilebu wake, hukaribia ukweli mara nyingi, nami simtuhumu. Lakini itazame hesabu yenyewe. Kilebu wa majuma 8 apimwa asubuhi kabla hajala, na mizani yaonyesha wakia 24. Mara tatu ni wakia 72, yaani ratili 4 na nusu. Akishakula na kunywa apimwa tena, na mizani yaonyesha wakia 26. Mara tatu ni wakia 78, karibu na ratili 5. Mlo mmoja umemwongezea wakia 6 mbwa ambaye bado hajapatikana. Na ikiwa kilebu aliharisha juma lililopita, au ana minyoo, au amekuwa akisukumwa chuchuni na nduguze, jedwali litamtabiria udogo, ilhali mwili wake unangoja kushiba tu ili ukue.

Kosa kubwa zaidi limo katika umri. Jedwali haliulizi uzani peke yake, huuliza uzani katika umri fulani. Basi muuzaji akisema kilebu ana majuma 8 hali ana 6, udogo utadhihiri kwa hesabu bila mtu kuigusa mizani, na mwenye kuweza kumsuta ni tabibu wa wanyama, akimfunua kilebu kinywa na kutazama meno ya utotoni yaliyochomoza na yasiyochomoza.

Hapo ndipo ugomvi wa watu wawili unapomwangukia asiye na kauli. Muuzaji aliyeahidi udogo ana sababu ya kumtenga kilebu na mama yake mapema, na wapo wenye kumpunguzia chakula ili uzani usipande, na yote mawili ni dhuluma. Kilebu wa mbegu hizi hana akiba mwilini. Akikosa mlo kwa saa chache sukari ya damu hushuka, akapepesuka, akalegea, akashikwa na degedege, na asipowahiwa hufa. Waliopita kiasi kwa udogo huandamwa na utosi usiofunga, maji kichwani, pia za magoti zinazoteguka, na miguu myembamba mithili ya vijiti vya kiberiti ambayo kuruka kutoka kitini kwatosha kuivunja. Jike wa ratili 3 ni nadra kuzaa kwa salama. Mara nyingi hupasuliwa. Ndiyo maana wafugaji waangalifu huzalisha majike walio wakubwa kidogo, na majike hao ndio wanaorithisha ukubwa ule ambao mnunuzi anaulalamikia. Sheria ya England inamkataza mfugaji mwenye leseni kuuza kilebu kabla ya majuma 8, na tangu Aprili 2020 imewaondoa wachuuzi wa kati, ili mnunuzi wa kilebu amkute mama yake na kumwona kwa macho.

Ama kuhusu ahadi yenyewe, sheria humchukulia mbwa kuwa ni bidhaa. Marekani, katika majimbo yote isipokuwa Louisiana, sheria ya biashara husema kwamba kauli ya muuzaji juu ya sifa ya bidhaa, ikiwa ni sehemu ya msingi wa mapatano, huwa dhamana hata kama neno "dhamana" halikutamkwa; lakini maoni yake na sifa za kupambia bidhaa haziwi dhamana. Ugomvi wote umesimama juu ya mpaka huo mwembamba. Aliyeandika "atakuwa na ratili 4" amejifunga. Aliyeandika "kwa jedwali huenda akafika ratili 4" ana pa kutokea. Majimbo kadhaa yana sheria za kumlinda mnunuzi wa kilebu, na ile ya Florida humpa siku 14 kwa maradhi ya kuambukiza na mwaka mmoja kwa kasoro za kuzaliwa nazo, tena humlinda akidanganywa mbegu, jinsia au afya. Uzani wa ukubwani haukutajwa. Uingereza, sheria ya mwaka 2015 ya haki za walaji humtaka mfanyabiashara auze kitu kinacholingana na alivyokieleza. Wasomaji wetu waliosoma fikihi watakumbuka gharari, yaani biashara ya kisichojulikana, kama mtoto aliye tumboni mwa mnyama, ambayo imekatazwa. Na ijapokuwa mauzo ya mbwa yenyewe hayasihi kwa Mashafii, naona katazo hilo lagusa kiini cha ugomvi huu barabara.

Tuseme mnunuzi ameshinda. Ni wachache wawezao kumrudisha mbwa aliyekwisha kuwa wa nyumbani, kwa hiyo hubaki fidia, na kanuni ya Marekani ni tofauti baina ya thamani iliyoahidiwa na thamani iliyopokewa. Hakimu hana budi kupima mbwa wa ratili 9 mwenye magoti imara amepungua thamani kiasi gani kwa yule wa ratili 4. Soko litamwambia amepungua sana. Mimi naona soko limekosea, na kwamba mnunuzi anayeuliza "atabaki mdogo?" kabla ya kumwulizia mama mtu amelichangia kosa hilo. Wafugaji waaminifu huandika katika hati ya mauzo kwamba uzani wa ukubwani haudhaminiwi, kisha wakaandika wanachokijua: tarehe ya kuzaliwa, uzani wa mama na wa baba, na wakia za kila juma tangu siku ya kwanza. Mnunuzi na aidai hati hiyo, na kilebu apimwe mbele yake kabla fedha hazijahesabiwa.