Muda wa Kadiri: Mapatano ya Vienna ya 1980 na Mnunuzi wa Mbali

Mfanyabiashara wa Lubumbashi anayeagiza injini na vipuri vya magari kutoka Antwerp huzijua vizuri bei, nauli ya meli, ushuru wa forodha wa Kasumbalesa na taabu za barabara itokayo Dar es Salaam. Jambo asilolijua mara nyingi ni sheria inayoutawala mkataba wake. Karatasi aliyoletewa na mwuzaji ama haisemi lolote juu ya hilo, ama inalisema kwa herufi ndogo zisizosomeka. Siku mzozo unapozuka, naye akamshtaki mwuzaji huko kwao Ubelgiji, huambiwa kwamba alikuwa na wajibu fulani tangu alipopokea mizigo, na kwamba kwa kutoutimiza amekwisha kuipoteza haki yake. Makala haya yanakusudia kueleza wajibu huo, asili yake, na ugumu wa kuutaja kwa Kiswahili.

Ugumu huo unaanza na jina lenyewe. Sheria inayohusika ni mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya mikataba ya mauzo ya kimataifa ya bidhaa, uliopitishwa mjini Vienna tarehe 11 Aprili 1980. Msomaji ataona mara moja kwamba neno «mkataba» limebeba mizigo miwili: agano baina ya dola na dola, na agano baina ya mwuzaji na mnunuzi. Kifaransa hutenganisha convention na contrat. Kiswahili, kwa mazoea ya magazeti na ya ofisi, hakitenganishi. Kwa hiyo hapa agano la dola litaitwa Mapatano, na neno mkataba litaachiwa wafanyabiashara.

Mapatano hayo hayakuzuka ghafula. Mwanasheria Ernst Rabel alikuwa amekwisha kulianzisha wazo la sheria moja ya mauzo mnamo mwisho wa miaka ya 1920, kwenye taasisi ya Roma iliyoundwa kwa ajili ya kuoanisha sheria za watu binafsi. Vita vikaikatiza kazi. Mwaka 1964 mkutano wa The Hague ulitoa sheria mbili, lakini nchi zilizozikubali zilikuwa chache, nyingi zikiwa za Ulaya Magharibi. Nchi zilizokuwa zimepata uhuru karibuni hazikuwa na sababu ya kutia sahihi maandishi ambayo hazikushiriki kuyatunga. Hapo tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria ya biashara ya kimataifa, iliyoundwa mwaka 1966, ikaichukua kazi upya. Nchi 62 zilihudhuria mkutano wa Vienna, na Zaire ilikuwa mojawapo. Hata hivyo, kuhudhuria si kujiunga. Mapatano yalianza kutumika tarehe 1 Januari 1988, Zambia ikiwamo katika kundi la kwanza; Uganda ikafuata mwaka 1993, Burundi 1999, Kongo-Brazzaville 2015, na Rwanda 2024. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haimo, wala Kenya na Tanzania hazimo.

Je, mnunuzi wa Lubumbashi hayahusiki basi? Hilo ni kosa la kawaida, na ni kosa la gharama. Ibara ya 1 ina milango miwili. Wa kwanza ni wazi: pande zote mbili ziwe na makao ya biashara katika nchi zilizojiunga, kama vile mwuzaji wa Kampala na mnunuzi wa Bujumbura. Wa pili umefichika zaidi: Mapatano hutumika pia ikiwa kanuni za mgongano wa sheria zinaelekeza kwenye sheria ya nchi iliyojiunga. Sasa, hakimu wa Ubelgiji hufuata kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2008, ambayo husema kwamba pande mbili zisipochagua sheria, mauzo ya bidhaa hutawaliwa na sheria ya nchi ya mwuzaji. Mwuzaji yuko Antwerp. Ubelgiji imo katika Mapatano tangu 1997. Basi Mapatano yanatumika, ingawa Kongo haikujiunga na mnunuzi hajapata kulisikia hata jina la Vienna katika habari hizi. Pande mbili zinaweza kuyakwepa, kwa maana ibara ya 6 inawaruhusu kuyaweka kando. Na mikataba mingi ya nafaka ya makampuni makubwa hufanya hivyo na kuchagua sheria ya Uingereza, nchi isiyojiunga. Lakini anayekwepa ni yule anayejua kuna nini cha kukwepa.

Mipaka ya Mapatano itajwe kwa ufupi. Gari lililonunuliwa kwa matumizi ya nyumbani halimo; gari lile lile likinunuliwa ili liuzwe tena, limo. Meli, ndege, umeme na mnada havimo. Uhalali wa mkataba na suala la nani amekuwa mmiliki wa bidhaa vimeachiwa sheria za kila nchi. Na kwa wale wanaodhani kwamba Ulaya haiamini ila karatasi, ibara ya 11 inashangaza: mkataba hauhitaji maandishi, na unaweza kuthibitishwa kwa njia yoyote, hata kwa mashahidi. Nchi chache, Urusi na Argentina zikiwamo, zilikataa jambo hilo kwa tamko maalumu.

Kiini kimo katika ibara za 35 hadi 44. Mwuzaji anapaswa kutoa bidhaa zenye wingi, ubora na aina iliyotajwa katika mkataba, na zifaazo kwa matumizi ya kawaida ya bidhaa za namna hiyo. Anawajibika kwa kila kasoro iliyokuwapo wakati hatari ya upotevu inapomhamia mnunuzi, hata kama kasoro hiyo itaonekana baadaye. Wakati huo ni upi? Mkataba ukihusisha usafirishaji, bila ya mwuzaji kufungwa na mahali maalumu pa kukabidhi, hatari huhama pale bidhaa zinapotiwa mikononi mwa msafirishaji wa kwanza. Kwa lugha nyepesi, injini ikipasuka baharini au kati ya Tunduma na Ndola, hasara ni ya mnunuzi. Ikiwa ilipakiwa ikiwa na ufa, hasara ni ya mwuzaji. Mnunuzi ndiye atakayehangaika kuonyesha ufa uliingia lini, naye yuko mbali sana na gati iliyopakia.

Kisha unakuja ule wajibu. Ibara ya 38 inamtaka mnunuzi azikague bidhaa katika muda mfupi kadiri hali inavyoruhusu. Safari ikiwamo, ukaguzi unaweza kungoja mpaka mizigo ifike. Ibara ya 39 inaongeza kwamba mnunuzi hupoteza haki ya kulalamika asipompa mwuzaji taarifa, akieleza kasoro ni ya namna gani, katika muda unaoitwa kwa Kifaransa délai raisonnable. Kusema tu «mizigo yenu ni mibaya» hakutoshi. Na kwa vyovyote miaka miwili baada ya kukabidhiwa mlango unafungwa, isipokuwa mkataba una dhamana ya muda mwingine.

Kesi iliyojadiliwa kuliko nyingi ni ya kome. Mwuzaji wa Uswisi alimpelekea mnunuzi wa Ujerumani kilo 1,750 za kome wa New Zealand. Walipopimwa walionekana kuwa na kadimiamu kupita kiwango kilichopendekezwa na idara ya afya ya Ujerumani, na mnunuzi akakataa kulipa. Tarehe 8 Machi 1995 mahakama ya juu ya shirikisho ya Ujerumani ilimpa mwuzaji haki yake. Kwa kawaida, ilisema, mwuzaji hapaswi kuzijua kanuni za afya za nchi ya mnunuzi, ila kama kanuni hizo zipo kwao pia, au mnunuzi alimjulisha, au kuna hali nyingine maalumu. Mnunuzi alikuwa na lalamiko la pili juu ya ufungaji wa bidhaa. Hilo lilitupwa kwa sababu lilichelewa, hata kwa kipimo cha ukarimu cha mwezi mmoja.

Mahakama ya juu ya Austria ilikuwa kali zaidi mwaka 1999: siku 14 kwa ukaguzi na taarifa pamoja, pasipo na hali maalumu. Mahakimu wa nchi hizo walilelewa na sheria za kibiashara zinazodai lalamiko la papo hapo, na mazoea hayo hayakuwatoka walipoanza kuyasoma maandishi mapya. Hatari hiyo ilionekana mapema. Mjini Vienna wajumbe wa nchi zinazoendelea, Ghana ikiwa mstari wa mbele, walipinga kwamba mnunuzi asiye na mtaalamu wala maabara apokonywe haki zote kwa kuchelewa. Matunda ya upinzani huo ni ibara ya 44: mwenye udhuru wa haki kwa kutotoa taarifa anaweza bado kupunguza bei au kudai fidia, isipokuwa ya faida aliyoikosa. Mahakimu wameitumia kwa uchache mno. Ibara ya 40 ina makali zaidi, kwa kuwa mwuzaji aliyeijua kasoro na kuinyamazia hawezi kujificha nyuma ya kalenda.

Mapatano yana matini rasmi katika lugha sita, na Kiswahili si mojawapo. Anayetaka kuifasiri ibara ya 39 hukuta kwamba kila neno linaegemea upande. «Muda wa kutosha» humpendelea mnunuzi. «Mapema iwezekanavyo» humpendelea mwuzaji, tena huichanganya ibara ya 39 na ya 38. «Muda ufaao» hauna kosa, lakini hausemi unamfaa nani. «Muda wa kadiri» unaelekea kuwa bora, kwa sababu kadiri hudai kipimo, na kipimo hutazama kinachopimwa: samaki wabichi kwa saa, injini kwa majuma.

Mbele ya hakimu wa Lubumbashi, sheria ya Kongo ikitumika, hesabu ni nyingine. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 Kongo imo katika OHADA, ambayo sheria yake ya pamoja ya biashara, iliyorekebishwa mwaka 2010, ina kitabu kizima juu ya mauzo baina ya wafanyabiashara, na kitabu hicho kimechota mengi Vienna. Lakini kwa kasoro inayoonekana kwa macho hakikuacha neno la kupimwa. Kimeweka mwezi mmoja tangu kupokea mizigo. Mnunuzi aliyezizoea siku hizo thelathini, akafungua kontena lake juma la tatu na kuandika barua juma la nne, kwa sheria ya kwao hajachelewa. Barua hiyo hiyo ikisomwa kwa kipimo cha Austria imepitwa na majuma mawili.